Maiki ndogo za kondensa za bei poa kwa ajili ya kwaya: zinafaa, au nimepigwa?

#1 Mtambo wa Uyole

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni fundi mitambo wa kujitolea kanisani kwetu huku Uyole, Mbeya. Kujitolea maana yake silipwi, ila spika zikipiga mluzi kanisa zima linageuka kunitazama mimi.

Kwaya yetu ina watu 32. Miaka yote tumekuwa na maiki nne za dainamiki, zile za kushika mkononi, tunazichomeka kwenye stendi mbele ya mstari wa kwanza. Matokeo yake mnayajua. Wanaosikika ni wale wanne waliobahatika kusimama karibu na maiki, na mmoja wao huwa hajaishika sauti yake sawasawa. Teno wa nyuma hata wasipokuja hakuna anayejua.

Mwezi uliopita nilishuka Dar kwa shughuli zangu, nikapita Kariakoo nikanunua jozi ya maiki ndogo za kondensa. Ni nyembamba, ukizitazama kwa haraka utadhani tochi za daktari. Zimekaa ndani ya kijisanduku chenye sponji iliyochongwa, na kibao cha kuzifunga zote mbili kwenye stendi moja. Zote mbili hazikufika laki mbili na nusu. Muuzaji alitaka kunijaribishia kwenye kiampu chake cha dukani, zikawa kimya kabisa, akakuna kichwa akasema "hizi zinataka miksa, bosi, ila ni nzima". Nikamwamini. Nilikuwa nawahi basi.

Jumapili ya kwanza: sauti ndogo, kama mtu anaimba kichwa kikiwa ndani ya ndoo, na nyuma yake kuna "shhhh" kama mvua ya mbali. Nikafungua geni, kile kitufe cha kuongeza nguvu ya maiki kwenye miksa, mpaka mwisho. Jumapili ya pili nikazisogeza nyuma na kuziinua ili zichukue kwaya nzima. Mluzi uliopiga, mchungaji alinyamaza katikati ya tangazo, akanitazama, akaendelea. Mzee wa fedha hakusema mengi. "Si nilikwambia?" Basi.

Naombeni msaada. Hizi maiki ni za studio tu au kuna kitu sikijui? Kwaya inasimama upande wa kulia wa madhabahu. Spika kuu mbili zipo pembeni, moja iko ukutani nyuma ya kwaya.

#2 chipsi mayai

Naweka kambi hapa, ngoja waje wataalamu.

#3 Kijana wa Mafinga

Mkuu umepigwa. Kondensa ni maiki ya studio. Inavuta sauti kutoka mbali, inavuta mpaka mtoto anayelia nje ya kanisa, inavuta na spika yenyewe, lazima ipige mluzi. Mimi napiga mitambo ya harusi toka Mafinga mpaka Makambako, sijawahi kubeba kondensa na sitabeba. Uza, ongeza hela, nunua dainamiki nyingine mbili.

#4 Mzee wa Kebo

Kamwene wote, nawasalimu kutoka Iringa.

Kijana wa Mafinga, nakuheshimu kwa kazi yako, lakini hilo la "kuvuta" naomba tulizike leo kwenye uzi huu. Nimelisikia miaka zaidi ya ishirini na limewagharimu watu hela.

Hakuna maiki inayovuta sauti. Maiki inapokea kile kilichoifikia. Kondensa ina usikivu mkubwa, ndiyo. SM58 ya Shure, dainamiki inayojulikana sana, inatoa kama milivolti 1.85 kwa sauti yenye mgandamizo wa paskali moja, na kondensa ndogo nyingi zinatoa milivolti 8 mpaka 15 kwa sauti ileile. Sasa fikiria mabomba mawili ya maji, moja presha ndogo na moja presha kubwa. Ukilibana lile la presha kubwa kwenye koki, ndoo mbili zinajaa kwa kasi sawa. Koki ni geni. Ukishailinganisha, mtoto anayelia nje hana nafasi kubwa zaidi kwenye kondensa kuliko kwenye dainamiki yenye umbo lilelile la kupokea, kama zote zimesimama pale pale.

Kinachoiponza kondensa ni pale tunapoiweka. Mwimbaji wa harusi anaila maiki, mdomo uko sentimita 5 kutoka kwenye wavu. Kwaya iko sentimita 80. Kila umbali unapoongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Hesabu mwenyewe: 5 kwenda 10, 20, 40, 80. Hatua nne, desibeli 24. Lazima uzirudishe kwenye miksa, na ukizirudisha unaipandisha na sauti ya spika inayoifikia maiki, maana spika haijasogea popote. Chukua SM58, iweke sentimita 80 kutoka kwa kwaya, uipandishe mpaka kwaya isikike. Itapiga mluzi vilevile.

Tofauti moja ya kweli ipo. Kondensa ndogo inasikia sauti nyembamba za juu vizuri kuliko dainamiki, kwa hiyo mluzi wake mara nyingi unaanzia juu, ule wa kutoboa masikio. Ndiyo maana unaonekana mbaya zaidi.

Mtambo wa Uyole, mdogo wangu, tatizo lako naona ni mawili na yamechanganyikana. Ile sauti ya ndani ya ndoo siyo mahali pa maiki, hiyo ni njaa ya umeme. Mluzi ni ile spika iliyo nyuma ya kwaya. Tuanze na njaa. Miksa yako ni ipi, na fantomu yake, ule umeme wa volti 48 ambao miksa huipelekea maiki kupitia kebo, umeipima?

#5 Mtambo wa Uyole

Shikamoo mzee. Miksa ni ya chaneli 8, ina bluetooth na sehemu ya flashi, jina lake hata mtandaoni silioni. Kitufe cha fantomu kipo, nikikibonyeza taa nyekundu inawaka. Kupima ndiyo sijui, inapimwaje?

#6 Mzee wa Kebo

Marahaba.

Taa nyekundu inakuambia taa inawaka tu.

Azima mita kwa fundi umeme yeyote. Chomeka kebo ya XLR, ile ya maiki yenye pini tatu, kwenye miksa, usifunge maiki. Ule upande wa pili wa kebo, wenye matundu matatu ambako maiki hukaa, utazame kwa karibu. Pembeni ya kila tundu kuna namba ndogo imechongwa kwenye plastiki: 1, 2, 3. Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 200. Ncha nyeusi tundu la 1, nyekundu tundu la 2. Soma. Kisha nyekundu ihamie tundu la 3. Namba zote mbili ziwe karibu na 48. Viwango vinaruhusu kati ya 44 na 52. Moja ikiwa 48 na nyingine sifuri, una kebo iliyokatika. Zote zikiwa chini sana, miksa inakudanganya.

#7 Mtambo wa Uyole

Nimepima jioni hii. Tundu la 2: 16.8. Tundu la 3: 16.7. Nimerudia kwenye chaneli nne, hivyo hivyo.

Nimeishiwa nguvu.

#8 Fundi Solda

Karibu chamani. Mimi nipo Mwanjelwa, hizo miksa nazifungua kila wiki. Ndani yake hakuna saketi ya kuzalisha volti 48 kabisa. Wamechukua umeme ule ule unaoendesha miksa, volti 15 mpaka 17, wakaupitisha kwenye kitufe na juu yake wakaandika 48V. Mwenye maiki ya dainamiki hatajua maisha yake yote, kwa sababu dainamiki haiutumii.

Kwa nini sauti imepungua. Kondensa ni kiwambo chembamba kinachotikisika na sauti, kimekaribiana na bamba gumu lisilotikisika, na kati yao lazima kuwe na chaji. Kwenye kondensa halisi chaji hiyo inatokana na fantomu, kwa hiyo volti zikishuka na usikivu unashuka nazo. Maiki nyingi za bei poa ni elekreti, chaji imegandishwa kiwandani. Siyo aibu kuwa elekreti. Akina James West na Gerhard Sessler waliibuni pale Bell Labs, Marekani, mwaka 1962, na ndiyo iliyofanya maiki nzuri zishuke bei mpaka tukazifikia sisi. Lakini hata elekreti ina transista ndani inayohitaji kula. Ukiinyima, inakoroma na kwaya ikipaza sauti inapasuka.

Soma karatasi ya maiki yako. Nyingine zimeandikwa volti 9 mpaka 52, hizo zingekuvumilia. Ikiwa imeandikwa 48 tu, miksa hiyo haikufai. Vipo visanduku vya fantomu vya kuweka katikati ya maiki na miksa, au azima miksa nyingine ujaribu kabla hujatoa hela.

Halafu angalizo: miksa nyingi zina kitufe kimoja cha fantomu kwa chaneli zote. Dainamiki yenye kebo nzuri ya XLR haidhuriki. Ila shusha feda zote, vile vitelezi vya sauti kwenye miksa, kabla ya kukiwasha, na ukiwasha usichomoechomoe kebo. Ule mlio wa "PAA" umeshaua twita nyingi, zile spika ndogo za sauti za juu, hapa mjini, mimi ndiye ninayezizika.

#9 chipsi mayai

Fundi Solda nina miksa kama hiyohiyo na sijawahi kujua 😂 nakuja Mwanjelwa.

#10 Alto wa Tukuyu

Habari za jioni wapendwa. Mimi siyo fundi, ni mwalimu wa kwaya, huku Rungwe. Naomba niseme upande wetu, maana mafundi mnaongea kama vile kwaya ni fenicha.

Tulipoletewa maiki za hivi kwa mara ya kwanza, kaka wa mitambo alizifunga mbili kwenye kile kibao, katikati, akaondoka. Hakutuambia lolote. Waimbaji wangu wamezoea maiki ya mkononi, wakaanza kuzisogelea. Soprano watatu wakatoa shingo mbele. Bila shaka wao ndio waliosikika.

Kilichosaidia ni kuwapanga. Niliacha mistari mitatu iliyonyooka, nikafanya nusu duara, ili kila mtu awe na umbali unaolingana na maiki. Wenye sauti kali nimewarudisha nyuma na pembeni, hata kama walizoea kusimama mbele. Hilo la mwisho lilichukua wiki tatu na maneno kidogo. Na nikawaambia maiki hii haitaki kufuatwa, imbeni kama vile haipo.

Ila kuna kero moja sijapata dawa. Kwaya yetu inacheza. Tukianza kupiga hatua, sakafu ya mbao inatikisika, stendi inatikisika, na kwenye spika kunatoka "dum dum" kama kuna mtu anahamisha kabati. Mafundi mnasemaje?

#11 Mzee wa Kebo

Mwalimu, ahsante sana, umeongea kuliko sisi wote.

Hiyo "dum dum" inapanda kupitia miguu ya stendi. Kwanza, maiki nyingi za aina hii zina kiswichi cha kukata besi ubavuni, chembamba mno, kinasukumwa na ukucha au ncha ya kalamu. Kikiwashwa kinaondoa sauti nzito za chini ambazo binadamu anayeimba hana haja nazo. Kama maiki haina, miksa huwa inacho, kimeandikwa 80 au 100. Kwenye kwaya kiwe kimewashwa muda wote.

Pili, ndala. Nunua ndala mpya za raba, zile laini, zikate vipande vya ukubwa wa kiganja, uweke vipande viwili viwili chini ya kila mguu wa stendi. Kama stendi ina mguu wa sahani, ndala moja nzima. Watu wanauziwa vishikio vyenye mipira kwa bei ya maiki yenyewe. Anza na ndala.

Kuhusu mahali pa kuweka, kwa watu wote: maiki iwe mbele ya mstari wa kwanza kwa sentimita 60 mpaka mita moja, na juu ya vichwa vyao kwa kiasi hicho hicho, imeinama ikitazama midomo ya mstari wa nyuma. Maiki moja inatosha watu 15 mpaka 20. Zikiwa mbili, umbali kati yao uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila moja kutoka kwa waimbaji wake. Vinginevyo mwimbaji mmoja anaingia kwenye maiki mbili kwa nyakati tofauti kidogo, na sauti inakuwa ya bomba. Kile kibao kinachokuja kwenye sanduku ni cha kurekodi stirio. Kwa spika za kanisani kiache nyumbani.

Na kila ukiongeza maradufu idadi ya maiki zilizo wazi, unapoteza desibeli 3 kabla ya mluzi. Kutoka nne kwenda mbili umezipata bure.

#12 Kijana wa Mafinga

Mzee wa Kebo nimekuelewa kuhusu kuvuta, nimejaribu leo na dainamiki sentimita 80 na kweli imelia. Nafuta kauli. Ila kwenye harusi bado sibebi, MC akiishika tu anaipigapiga kidole.

#13 Mzee wa Kebo

Hapo nakuunga mkono asilimia mia. Kondensa ndogo na MC ni mbingu na ardhi. Puu ya mdomo, upepo, kuanguka. Mpe dainamiki yake.

#14 Baridi ya Njombe

Nimechelewa, nilikuwa shambani kwenye viazi.

Niongeze kitu ambacho watu wa Dar hawatawaambia, cha baridi. Mwaka juzi mwezi wa saba nililaza maiki zangu mbili kwenye buti la gari. Mnajua Njombe mwezi wa saba, asubuhi nyasi nyeupe kwa jalidi. Saa moja asubuhi nikaziingiza ukumbini, watu wamejaa, madirisha yamefungwa, kila mtu anatoa mvuke mdomoni. Nikazifunga hapo hapo. Dakika kumi baadaye: kwaruza, kwaruza, pap, kimya, kwaruza. Nikabadilisha kebo. Nikabadilisha chaneli. Nikamlaumu mpiga kinanda. Nilipoishika maiki mkononi ilikuwa na unyevu kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

Ni umande. Chuma baridi ikikutana na hewa yenye mvuke inalowa, na ndani ya kapsuli, kile kichwa kinachopokea sauti, kiwambo na bamba lake vimekaribiana kuliko unene wa unywele. Tone dogo tu linavujisha chaji. Siku hiyo nilimaliza ibada na dainamiki.

Siku hizi naziingiza ndani saa nzima kabla, sanduku likiwa LIMEFUNGWA, zipate joto taratibu. Ndani ya sanduku nimeweka vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Maiki iliyolowa ukiiacha ikauke yenyewe mahali pa joto kwa kawaida inarudi. Usiiweke juani, usiipulizie.

#15 chipsi mayai

Kwenye mchele je? Simu huwa tunaweka.

#16 Fundi Solda

Mchele wa Kyela uliwe na samaki, usiwekwe kwenye maiki. Una vumbi, na vumbi likipita kwenye wavu likakaa kwenye kiwambo sina brashi ya kulitoa.

#17 Kihesa Mjini

Niongezee matumizi mengine kidogo. Nina kondensa moja ndogo ya bei ya chini kabisa, na kazi yake kuu ni ala za asili. Kuna babu tulimwalika kupiga ligombo kwenye shughuli yetu hapa Iringa. Ligombo lile la Wahehe, nyuzi juu ya ubao, sauti yake ya upole mno, ukiweka dainamiki unasikia vidole tu. Nikaweka kondensa kama sentimita 30, ikitazama katikati ya nyuzi, wala siyo mkono wa mpigaji. Babu alisimama akatazama spika kwa nyuma akidhani kuna mwenzake anapiga.

Kayamba nazo hivyo hivyo. Kwenye dainamiki kayamba ni "chaka chaka" ya matope. Kwenye kondensa unazisikia mbegu zikiviringika. Ila geni iwe chini, na kama maiki ina kiswichi cha kupunguza desibeli 10 au 20, kitumie. Ngoma kubwa niachieni na dainamiki yangu.

#18 Mtambo wa Uyole

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nimeazima miksa kwa vijana wa kanisa jirani. Mita imesoma 47.6 na 47.5. Nilipofunga maiki na kusema "moja mbili" nikiwa hatua tatu mbali, nilishtuka. Lile "shhhh" limepungua sana kwenye maiki moja. Kwenye nyingine bado lipo. Nimebadilishana kebo na chaneli, linaifuata maiki ile ile.

Nitajuaje kama hizi ni jozi kweli? Kwenye sanduku zinaitwa pacha.

#19 Fundi Solda

Kipimo cha maskini, hakihitaji mashine.

Chukua kebo moja, fungua plagi ya upande MMOJA tu, badilisha waya wa pini 2 uende 3 na wa 3 uende 2. Fantomu haina shida, pini zote mbili zina volti sawa. Funga utepe mwekundu kwenye kebo hiyo usije ukaitumia Jumapili kwa bahati mbaya. Sasa weka maiki zote mbili bega kwa bega, vichwa vinakaribia kugusana, mbele ya redio ndogo iliyo mita moja. Redio iwe kwenye taarifa ya habari, sauti ya mtu ni nzuri kwa kazi hii. Vaa hedifoni, chaneli zote mbili ziwe katikati. Pandisha ya kwanza mpaka uisikie vizuri. Kisha pandisha ya pili, ile ya kebo nyekundu, taratibu.

Kama ni pacha, utashangaa: kadiri unavyoongeza, msomaji wa habari anapungua. Atafika mahali anakuwa kama anaongea kutoka nyumba ya tatu, kabaki na "s" na "sh" tu. Hapo ndipo zinapofutana. Kama hapotei hata ukizungusha vipi, umeuziwa ndugu wa baba tofauti.

#20 Mtambo wa Uyole

Fundi nimefanya. Msomaji wa habari ameondoka vizuri tu, kabaki "s". Kwa hiyo ni pacha kweli ila moja ina mafua. Nimempigia yule muuzaji, kasema nimpelekee. Nauli ya kwenda na kurudi Dar ni karibu bei ya maiki moja, nimeacha.

Sasa nifanyeje, yenye mafua niiweke kwenye kwaya au niitupe?

#21 Mzee wa Kebo

Usitupe. Kwaya ikiimba hiyo "shh" inazama, tatizo ni wakati wa maombi, na wakati huo feda iko chini. Lakini fuata ushauri wa Kihesa: yenye mafua ipeleke kwenye kayamba, pale hata ingekuwa na kifaduro hakuna atakayesikia. Kwaya jaribu maiki MOJA, nzima, katikati, nusu duara ya mwalimu wa Tukuyu. Watu 32 ni wengi kidogo kwa moja, wa pembeni watapungua, ila kwenye maiki ya kwaya umepunguza nusu, na wakati wa kwaya ya mdomo tupu funga ya kayamba kabisa.

Na ile spika sasa. Hujaniambia umeifanyaje.

#22 Mtambo wa Uyole

Mzee, spika ndiyo ilikuwa vita. Ukutani imefungwa kwa nondo na fundi wa zamani, na juu yake kuna maua ya Kamati ya Akina Mama. Nimekaa kikao. Wamekubali isogezwe mbele mita mbili na kushushwa kwenye stendi, kwa masharti ya maua kuhamia kwenye nguzo.

#23 Mzee wa Kebo

Vizuri. Maiki isiione spika usoni. Umbo lake la kupokea ni kama moyo, mgongo wake ndio kiziwi zaidi. Spika ikae karibu zaidi na waumini kuliko maiki, ikiwatazama wao, na maiki iipe mgongo. Jumamosi jioni pandisha feda taratibu mpaka mluzi uanze kunong'ona, tafuta kwenye ikwalaiza, vile vitufe vya kupandisha na kushusha sauti nzito na nyembamba, ni sauti ipi, ishushe kidogo. Rudia mara mbili, tatu basi. Ukishusha kila kitufe unabaki na kwaya ya kwenye simu.

Na kumbuka kanisa tupu linalia kuliko lililojaa. Likijaa utapata nafuu.

#24 Mtambo wa Uyole

Mrejesho wa Jumapili.

Maiki moja katikati, ndala chini ya miguu ya stendi, besi imekatwa, spika mbele, fantomu ya kweli. Kwaya imetoka. Siyo ya kwenye kanda, lakini nimesikia teno! Nimewasikia nikiwa mlangoni nyuma kabisa, nilitoka makusudi nikasimame pale. Besi wawili wa pembeni kushoto bado hawatoshi, wiki ijayo nitawasogeza ndani. Mluzi ulitaka kuanza mara moja, soliisti alipopewa dainamiki akaielekeza kwenye monita, ile spika ya waimbaji kujisikilizia. Hiyo siyo ya kondensa.

Kayamba na maiki yenye mafua: Kihesa Mjini, mwanangu, ndaga fijo. Watoto wa Jumapili walisogea mbele kutazama nani anapiga.

Niliyoyaona ambayo sikuambiwa: feni ya dari juu ya maiki inavuma kwenye spika, nimeizima. Na sponji ya maiki ivaliwe hata ndani, mlango ukifunguliwa upepo wa Uyole unaingia moja kwa moja.

#25 Alto wa Tukuyu

Hongera sana kaka! Tuna tamasha la kwaya mwezi ujao, hiyo nzima tunaweza kuiazima?

#26 Mtambo wa Uyole

Dada, maiki mje mchukue, na kebo nitawapa. Miksa siyo yangu, natakiwa kuirudisha Alhamisi, kwa hiyo kapimeni fantomu yenu kwanza.

Ndala msizihesabu. Mzee wa fedha ameziona chini ya stendi, anauliza zimenunuliwa kwa fungu gani.